Historia ya uchaguzi katika Handeni na Korogwe

Historia ya uchaguzi katika Handeni na Korogwe inahusu jinsi wakazi wa wilaya hizo mbili za Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, walivyochagua wawakilishi wao tangu uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1958. Kwa sasa wilaya hizo zina majimbo manne ya ubunge: Handeni Mjini, Handeni Vijijini, Korogwe Mjini na Korogwe Vijijini. Jimbo la Kilindi, ambalo ardhi yake ilikuwa sehemu ya Handeni ya zamani, linaelezwa hapa pia.

Katika chaguzi kuu za 2005, 2010, 2015 na 2020 majimbo hayo yote yalichukuliwa na Chama cha Mapinduzi (CCM). Msomaji anaweza kudhani basi kwamba hakuna cha kusimulia. Ukweli ni kwamba wabunge wamebadilika mara nyingi, hasa Korogwe, na mabadiliko hayo yametokea ndani ya chama, kwa vifo, au kwa kuchorwa upya kwa mipaka.

Eneo na wakazi

Handeni ni nchi ya Wazigua, na upande wa magharibi, ambao leo ni Kilindi, ni nchi ya Wanguu. Korogwe ina Wazigua, Wasambaa, Wabondei na watu wengi waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na kubaki. Mji wa Korogwe uko kando ya mto Pangani, kwenye reli ya Tanga hadi Moshi na barabara kuu ya kwenda Arusha. Handeni haina reli, na sehemu kubwa yake ni kavu. Wakulima wake hutegemea mahindi na mifugo. Tofauti hiyo ya kijiografia inasaidia kueleza kwa nini siasa za wilaya hizi mbili, ingawa ni jirani, hazifanani.

Kwa sensa ya mwaka 2012, Halmashauri ya Wilaya ya Handeni ilikuwa na wakazi 276,646 na Mji wa Handeni 79,056. Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe ilikuwa na wakazi 242,038, Mji wa Korogwe 68,308, na Kilindi 236,833.

Wilaya, halmashauri na jimbo

Wanafunzi huchanganya maneno haya matatu mara kwa mara, kwa hiyo ni vizuri kuyatenganisha kabla ya kuendelea. Wilaya ni eneo la utawala linaloongozwa na Mkuu wa Wilaya, ambaye huteuliwa na Rais. Halmashauri ni serikali ya mitaa, yenye madiwani waliochaguliwa na mkurugenzi aliyeajiriwa au kuteuliwa. Jimbo ni eneo linalomchagua mbunge mmoja. Wilaya moja inaweza kuwa na halmashauri mbili, kama zilivyo Handeni na Korogwe, ambazo kila moja ina halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya. Hapo mipaka ya jimbo hufuata mipaka ya halmashauri, lakini si sheria kwamba lazima iwe hivyo kila mahali nchini.

Mipaka ya majimbo hupangwa na Tume ya Uchaguzi kwa mujibu wa ibara ya 75 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Katiba inaitaka Tume kuichunguza mipaka hiyo mara kwa mara, angalau kila baada ya miaka kumi, na kuzingatia mawasiliano na hali ya kijiografia ya eneo.

Matokeo yake ni kwamba kura hazina uzito sawa. Ukichukua sensa ya 2012, mbunge wa Korogwe Mjini aliwakilisha watu 68,308, wakati jirani yake wa Handeni Vijijini, baada ya jimbo kugawanywa mwaka 2015, aliwakilisha watu 276,646. Mmoja ana watu mara nne ya mwenzake, na wote wawili wana kiti kimoja kimoja Bungeni. Kabla ya mgawanyo huo hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani jimbo zima la Handeni lilikuwa na watu 355,702. Wanaotetea mfumo huu husema kwamba miji inakua haraka na ina mahitaji yake. Hoja hiyo ina uzito, lakini mkazi wa kijiji cha mbali huko Handeni ana haki ya kuuliza kwa nini yeye ahesabiwe robo.

Enzi ya ukoloni

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili. Jimbo la Tanga, maana yake Province ya wakati huo iliyokuwa na Handeni na Korogwe ndani yake, lilipiga kura katika awamu ya kwanza, Septemba 1958. Awamu ya pili ilikuwa Februari 1959. Nchi nzima ilikuwa na majimbo kumi tu ya uchaguzi, na kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mpigakura alilazimika kuchagua wote watatu. Utaratibu huu ulijulikana kama kura tatu.

Kura tatu nusura iipasue TANU. Wanachama wengi waliona ni dharau kwamba Waafrika, ambao walikuwa mamilioni, walingane kwa viti na jamii ndogo. Mkutano mkuu wa Tabora wa Januari 1958 uliamua, baada ya Julius Nyerere kusihi, kwamba chama kishiriki. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda African National Congress. TANU iliwaunga mkono pia wagombea wa Kiasia na wa Kizungu waliokubaliana nayo, na kwa njia hiyo ikaugeuza mfumo uliotungwa kuibana ukawa silaha yake.

Haki ya kupiga kura haikuwa ya wote. Mtu alitakiwa kuwa na umri wa miaka 21 na zaidi, na awe na elimu ya kufikia darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Masharti hayo yaliwaacha nje wakulima karibu wote wa Handeni na wakata mkonge karibu wote wa Korogwe. Wakata mkonge hawakukosa njia ya kusema, hata hivyo. Mwaka huo huo wa 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, katika Korogwe ya leo, waligoma kwa muda mrefu, na mgomo huo ukawa kati ya migomo mikubwa ya mashamba ya mkonge ya wakati wake. Anayetaka kujua siasa za Korogwe katika miaka hiyo asiishie kwenye hesabu za kura. Asome pia habari za vyama vya wafanyakazi.

Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa: ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75, au kushika cheo fulani. Baraza sasa lilikuwa na viti 71 vya kuchaguliwa. Wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa, na mwishowe chama kilipata viti 70. Kiti kimoja, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama kama mgombea huru dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa kwanza wa Rais, Nyerere alimshinda Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura.

Uchaguzi wa chama kimoja, 1965 hadi 1990

Kuanzia mwaka 1965 Tanzania Bara ilipiga kura chini ya chama kimoja, TANU, na kisha CCM baada ya vyama vya TANU na ASP kuungana tarehe 5 Februari 1977. Chaguzi zilifanyika kila baada ya miaka mitano: 1965, 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990.

Utaratibu wake unafaa kuelezwa, kwa sababu vijana wa leo hudhani kwamba chama kimoja maana yake ni mgombea mmoja. Kwa Rais ilikuwa hivyo: wananchi walimpigia kura ya ndiyo au hapana. Kwa ubunge haikuwa hivyo. Mkutano mkuu wa wilaya wa chama uliwapigia kura walioomba, majina yakapelekwa ngazi ya taifa, na Halmashauri Kuu ikateua wawili wasimame katika jimbo. Wawili hao walizunguka pamoja, wakahutubia mikutano ile ile chini ya usimamizi wa chama. Hawakuruhusiwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua. Kwa mkulima wa Mazingara au Kwamsisi vitu hivyo viwili havikuhitaji maelezo.

Wabunge wengi waliokuwa madarakani walishindwa katika chaguzi hizo, wakiwemo mawaziri. Lakini swali la msingi, yaani nani atawale na kwa sera gani, halikuwa mezani. Mpigakura aliweza kumwondoa mtu, si chama.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilibadilisha pia sura ya upigaji kura. Wakazi wa Handeni walikuwa wameishi kwa kutawanyika. Walipokusanywa vijijini, kijiji kikawa mahali pa shule, zahanati, ofisi ya chama na kituo cha kupigia kura. Elimu ya watu wazima ya miaka hiyo iliongeza idadi ya waliojua kusoma majina kwenye karatasi. Chuo cha Ualimu Korogwe kilihusika na jaribio la shule ya jamii huko Kwamsisi, Handeni, ambako shule na kijiji vilitakiwa kuwa kitu kimoja.

Vyama vingi na kugawanyika kwa majimbo

Mfumo wa vyama vingi ulirudishwa kisheria mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza chini yake ulifanyika Oktoba 1995. Katiba iliweka sharti kwamba mgombea ubunge awe mwanachama na mgombea wa chama cha siasa. Mgombea huru kama Sarwatt wa 1960 hawezi tena kusimama. Mchungaji Christopher Mtikila alipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba linakiuka haki za raia. Sharti bado lipo.

Mwaka 2002 Wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka Handeni, makao yake makuu yakiwa Songe. Korogwe ilikuwa imegawanyika katika Korogwe Mjini na Korogwe Vijijini kwa uchaguzi wa tarehe 14 Desemba 2005. (Uchaguzi huo ulipangwa kufanyika Oktoba 30, ukaahirishwa baada ya kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe.) Handeni ilibaki jimbo moja hadi 2015, Tume ilipotangaza majimbo mapya, Handeni Mjini likiwemo.

Handeni

Jina lililotawala siasa za Handeni katika vyama vingi ni la Dk. Abdallah Omari Kigoda, mchumi, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo tangu miaka ya 1990 hadi kufariki kwake. Chini ya Rais Benjamin Mkapa alikuwa Waziri wa Nishati na Madini, kisha Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Mipango na Ubinafsishaji. Mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wanachama wa CCM waliowania kuteuliwa kugombea urais. Aliyeteuliwa ni Jakaya Kikwete. Baada ya hapo Kigoda aliongoza Kamati ya Bunge ya Fedha na Uchumi, na Mei 2012 akarudishwa katika Baraza la Mawaziri kuwa Waziri wa Viwanda na Biashara.

Mwaka 2015, jimbo lilipogawanywa, Kigoda aliteuliwa na CCM kugombea Handeni Mjini. Alifariki tarehe 12 Oktoba 2015 akiwa katika matibabu nchini India, siku kumi na tatu kabla ya kupiga kura. Sheria ya uchaguzi inasema mgombea akifa baada ya uteuzi, uchaguzi wa nafasi hiyo husimama na kupangwa upya. Kwa hiyo tarehe 25 Oktoba wakazi wa Handeni Mjini walimpigia kura Rais na madiwani, lakini si mbunge. Uchaguzi wa ubunge ulifanyika Desemba 2015, na mshindi akawa mtoto wa marehemu, Omari Abdallah Kigoda wa CCM. Jambo kama hilo lilitokea mwaka huo huo Lushoto, ambako uchaguzi uliahirishwa baada ya mgombea wa CHADEMA, Mohamed Mtoi, kufariki katika ajali ya barabarani.

Kurithiana kwa baba na mtoto kulizungumzwa sana wakati huo. Kwa upande mmoja, Omari alichaguliwa kwa kura kama mwingine yeyote. Kwa upande mwingine, katika jimbo jipya ambalo wagombea walipata wiki chache tu za kujiandaa upya, jina linalojulikana lina nguvu ambayo hotuba haiwezi kuishinda. Aliongoza kipindi kimoja. Mwaka 2020 jimbo lilikwenda kwa Reuben Nhamanilo Kwagilwa, pia wa CCM.

Handeni Vijijini ilianza na Mboni Mohamed Mhita, mwanamke aliyetokea katika siasa za vijana za CCM, aliyechaguliwa mwaka 2015. Mwaka 2020 nafasi ilichukuliwa na John Marko Sallu.

Kilindi

Kilindi iliwakilishwa kuanzia 2005 hadi 2015 na Beatrice Matumbo Shelukindo, ambaye kabla ya hapo alikuwa mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki. Mumewe, William Shelukindo, alikuwa mbunge wa Bumbuli hadi mwaka 2010, aliposhindwa na January Makamba katika kura za maoni za CCM. Ni nadra kwa mume na mke kukaa Bungeni pamoja, kila mmoja akiwa na jimbo lake.

Beatrice Shelukindo anakumbukwa zaidi kwa jambo la Julai 2011. Wakati Bunge likijadili bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, alisimama na kuisoma barua ya Katibu Mkuu wa wizara hiyo, David Jairo, iliyozitaka taasisi zilizo chini ya wizara kuchangia shilingi milioni 50 kila moja kwa ajili ya kufanikisha bajeti. Ukumbi ulitaharuki. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema kwamba angekuwa na mamlaka angemwondoa katibu huyo siku hiyo hiyo. Uchunguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu haukumkuta na hatia, akapokewa ofisini kwa shangwe, wabunge wakakasirika na kuunda kamati teule. Aliyefumua suala lile hakuwa mpinzani, alikuwa mbunge wa CCM wa jimbo la pembezoni ambalo magazeti ya Dar es Salaam hayakuwa yakiliandika. Shelukindo alifariki Julai 2016. Tangu 2015 Kilindi iliwakilishwa na Omari Mohamed Kigua, aliyechaguliwa tena 2020.

Korogwe Mjini

Handeni ilikaa na mtu mmoja kwa muda mrefu. Korogwe Mjini haikai na mtu. Katika chaguzi nne, 2005 hadi 2020, ilichagua wabunge wanne tofauti, wote wa CCM.

Wa kwanza, Joel Nkaya Bendera, alijulikana nchini kabla ya siasa: alikuwa kocha wa Taifa Stars ilipofuzu kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Tanzania ilisubiri hadi mwaka 2019 kurudi huko. Rais Kikwete alimteua kuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo. Unaibu waziri haukumwokoa. Mwaka 2010 aliangushwa katika kura za maoni na Yusuf Abdallah Nassir. Bendera baadaye alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro na kisha wa Manyara, na alifariki Desemba 2017.

Nassir alikaa miaka mitano. Mwaka 2015 aliingia Mary Pius Chatanda. Jina lake lilikuwa tayari limeingia katika historia ya mji mwingine: mwishoni mwa 2010, akiwa mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga na Katibu wa CCM Mkoa wa Arusha, aliruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa Meya wa Arusha. CHADEMA walipinga wakisema si mjumbe halali wa baraza la madiwani la huko. Mgogoro huo uliishia katika maandamano ya tarehe 5 Januari 2011, ambamo watu walipoteza maisha. Suala lenyewe lilikuwa la kisheria na dogo kwa sura yake: mbunge wa viti maalumu ni wa halmashauri ipi? Mwaka 2020 nafasi ya Chatanda Korogwe Mjini ilichukuliwa na Alfred James Kimea, na mwaka 2022 Chatanda akachaguliwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT).

Korogwe Vijijini

Laus Omar Mhina aliwakilisha jimbo hili kuanzia 2005. Mwaka 2010 alifuatwa na mtu ambaye hakufanana na mbunge yeyote mwingine wa mkoa, Stephen Hilary Ngonyani, maarufu kama Profesa Maji Marefu. Alikuwa mganga wa jadi, na jina la Maji Marefu lilivuma nchini muda mrefu kabla ya kugombea. Ngonyani ni jina la Kingoni, la watu wa Ruvuma. Kwamba wapigakura wa Korogwe walimchagua na kumrudisha 2015 ni ushahidi kwamba wilaya iliyojengwa na wahamiaji wa mkonge haiulizi sana asili ya mtu. Wako waliomcheka Bungeni kwa kazi yake ya uganga. Wapigakura wake walijua wanamchagua nani.

Ngonyani alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 2 Julai 2018, siku chache baada ya kufiwa na mkewe. Uchaguzi mdogo ulipangwa pamoja na ule wa Ukonga na Monduli, Septemba 2018. Katika majimbo hayo mawili viti vilikuwa wazi kwa sababu wabunge wa CHADEMA walihamia CCM. Korogwe Vijijini peke yake ilikuwa na msiba wa kweli. Siku ya kura haikufika. Mwezi Agosti mgombea wa CCM, Timotheo Paul Mzava, alitangazwa kupita bila kupingwa. CHADEMA walilalamika kwamba mgombea wao alizuiwa kurudisha fomu. Kwa vyovyote vile, wapigakura wa jimbo lenye watu zaidi ya laki mbili walipata mbunge mpya bila hata mmoja wao kuweka karatasi katika sanduku.

Utaratibu huo umebadilishwa. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya mwaka 2024, inataka mgombea akibaki peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana, kama ilivyokuwa kwa Rais enzi ya chama kimoja. Sheria Na. 2 ya mwaka huo iliipa Tume jina jipya, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Mzava alichaguliwa tena mwaka 2020.

Kura za maoni

Katika eneo ambalo chama kimoja hushinda kila mara, ushindani halisi huwa katika kura za maoni za chama hicho. Idadi ya wanaopiga kura hizo imebadilika. Mwaka 2010 CCM iliruhusu wanachama wote wa jimbo kupiga kura. Mwaka 2020 ilirudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, ambao ni mamia tu. Baada ya hapo vikao vya juu huteua jina, na si lazima awe aliyeongoza. Aliyekatwa hana njia ya kugombea kama mtu huru. Achague kati ya kuhama chama, kusubiri miaka mitano, au kukaa kimya.

Ndiyo maana takwimu za uchaguzi mkuu peke yake hazitoshi kuielewa Korogwe. Ukiangalia matokeo ya Oktoba utaona CCM, CCM, CCM. Ukiangalia kura za maoni utaona mbunge baada ya mbunge akiondolewa. Hali haiko hivyo kila mahali mkoani Tanga: Tanga Mjini ilikwenda kwa CUF mwaka 2015, Mussa Mbarouk aliposhinda, na kurudi CCM mwaka 2020 kwa Ummy Mwalimu.

Maji katika kampeni

Hakuna ahadi iliyorudiwa Handeni kama maji. Mradi wa zamani unaojulikana kwa kifupi HTM huchota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Kwa miaka mingi mitambo ilichakaa, watu wakaongezeka, na wananchi wakarudi kwenye malambo wanayotumia pamoja na mifugo. Mgombea wa Handeni asiyesema habari za HTM hana la kusema. Mwaka 2022 Serikali ilisaini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, na HTM imo, ili kuhudumia Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Inafaa kukumbuka kwamba maji hayo yanatoka jimbo moja kwenda jingine, na bomba halijui mipaka ya Tume.

Daftari la wapigakura: Chogo na Msomera

Daftari la Kudumu la Wapigakura lilianzishwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2005, na mwaka 2015 uandikishaji ulifanywa kwa mashine za kuchukua alama za vidole na picha. Handeni ina visa viwili vya pekee kuhusu nani anaingia katika daftari hilo.

Cha kwanza ni cha Wazigua wa Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi ya Uzigua katika karne ya 19 na kuishia bonde la mto Juba, ambako walitunza lugha ya Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wengi walikimbilia Tanzania. Waliwekwa Mkuyu, Handeni, kisha wakahamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, na kupewa ardhi. Wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Hivyo watu ambao babu zao waliondolewa Handeni kwa nguvu wakawa raia wenye haki ya kumchagua diwani na mbunge wa Handeni.

Cha pili ni cha Msomera, na bado kinaendelea. Kuanzia Juni 2022 Serikali ilianza kuwahamishia Msomera, Handeni Vijijini, familia za Wamaasai kutoka Hifadhi ya Ngorongoro, ikiwajengea nyumba za vyumba vitatu na kuwapa mashamba. Serikali ilisema uhamiaji huo ni wa hiari. Wamaasai wengi wa Ngorongoro walikana, na baadhi ya wakazi wa asili wa Msomera walilalamika kwamba ardhi yao imegawiwa wageni. Agosti 2024 mgogoro uligusa moja kwa moja haki ya kupiga kura: tangazo la Serikali Na. 673 lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro, na wakazi walilalamika kwamba vituo vyao vya kupigia kura vilionyeshwa kuwa Msomera, mamia ya kilomita kutoka wanakoishi. Maelfu walijitokeza kuandamana kuanzia tarehe 18 Agosti. Tarehe 22 Mahakama Kuu, Arusha, ilisitisha kwa muda utekelezaji wa tangazo hilo, na siku iliyofuata Waziri William Lukuvi alifika Ngorongoro na ujumbe wa Rais kwamba huduma na haki ya kupiga kura zitarejeshwa.

Uchaguzi mkuu uliofuata ulifanyika tarehe 29 Oktoba 2025. Majimbo ya nchi yaliongezwa kutoka 264 hadi 272, lakini hakuna jimbo jipya lililoundwa Handeni wala Korogwe. CHADEMA haikushiriki, baada ya Tume kusema mwezi Aprili kwamba chama hicho hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi.